Nilivyoziba Tundu za Chumba cha Bibi

Ipo siku moja ya mwisho wa kiangazi ambayo naikumbuka kwa harufu yake, harufu ya rangi mpya iliyochanganyika na makaa, na kila ikinijia naona haya. Ndiyo siku ambayo nusura nimpoteze bibi yangu kwa mikono yangu mwenyewe, huku nikitafuta mtu mwengine wa kumlaumu. Mwanangu, sijafika umri wa kukaa kitako nikatoa nasaha. Nna miaka thelathini na nne na ndevu zangu hazina mvi hata moja. Lakini hili nikilingojea uzee nitalipamba, na mimi nataka ulisikie likiwa bado chungu.

Bibi yangu, Bi Zuwena, alizaliwa Unguja akaja Maskati na watoto wawili mkononi. Miaka yote aliishi nasi Khuwair ya Kusini, mtaa wa hapa Maskati. Mwaka ule akasema amechoka na joto na magari, atahamia mlimani, kwenye nyumba ya marehemu babu, mwendo wa saa mbili na zaidi kutoka kwetu. Hakuna aliyemweza. Ila sote tulijua kwamba hapa Maskati baridi ni jambo la kujitanda shali tu, na kule juu maji huganda kwenye ndoo. Kati yetu hakuna aliyewahi kulala huko msimu wa baridi, isipokuwa babu, naye alikuwa keshazikwa.

Basi Bibi akahamia kiangazi kilekile, na mimi nikajitwisha kazi ya kuitengeneza nyumba kabla baridi haijaingia. Sikusomea ufundi. Nilijifunza kwenye simu, kwa kutazama watu wa nchi za theluji wakionyesha namna ya kuziba madirisha na kufunika mabomba. Nikitazama, narudia, naandika kwenye daftari. Ukitaka kujua maradhi yangu, ndiyo hayo: kitu kisipokuwa sawasawa sipati usingizi, na kikiwa sawasawa naanza kushuku kwamba kuna mtu atakiharibu.

Mtu huyo, kwa mawazo yangu, alikuwa Njoroge. Alikuwa fundi kutoka Kenya, anafanya kazi kwenye viwanda vya Rusayl siku za wiki, na siku za mapumziko alipanda nami mlimani. Mtu mpole, mcheshi, ana mikono mizuri. Sikumwamini hata kidogo. Nilitia alama ya penseli ubavuni mwa kopo la rangi nijue imepungua kiasi gani. Nilipiga picha ukuta asubuhi na jioni. Kuni alizotupangia nyuma ya nyumba nilizipangua usiku uliofuata nione kama chini hakuweka mbichi; zilikuwa kavu zote, nami nikaona kwamba basi ni mjanja kuliko nilivyodhani. Ijumaa nikienda kuswali ilinibidi nimwache peke yake na Bibi, na khutba nzima moyo wangu ulikuwa kwenye makopo ya rangi. Mungu anisamehe.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba Bibi alimpenda. Nikirudi nawakuta wanacheka, yeye juu ya ngazi, Bibi chini na sahani ya halua.

“Kiswahili chako hicho nani kakufunza?” Bibi anamwambia. “Unazungumza kama unabeba mizigo.”

“Nyanya, sisi kwetu ni baridi, maneno yanatoka yakiwa yameganda,” Njoroge anajibu.

“Mume wangu,” Bibi ananigeukia, maana ndivyo alivyoniita tangu utotoni kwa utani, “huyu mtu wako nnamchukua mimi. Wewe hujui kucheka.”

Sikucheka. Nilijiuliza anamzoea bibi yangu kwa sababu gani.

Chumba cha kulala cha Bibi kilikuwa na tundu mbili juu ya kuta, karibu na dari, kila moja kama tofali lililolazwa. Moja upande wa kusini, moja upande wa kaskazini. Nilimwambia Njoroge azizibe. Akazitazama, akapitisha mkono kusikia upepo.

“Hizi wachana nazo, arbab,” akasema. Arbab ndivyo mafundi wanavyomwita bosi huku, na yeye alilitamka kama mzaha. “Ziko na kazi.”

Sikumuuliza kazi gani. Nilimwona mvivu anayetafuta njia ya kuepuka kupanda ngazi. Kule kwenye simu nilikuwa nimefundishwa kwamba joto linatoroka kwenye kila ufa, na hapa kuna mtu ananiambia niache madirisha mawili wazi darini. Wiki iliyofuata nikapanda bila yeye, na makopo mawili ya povu la kuzibia. Nikaziba tundu zote mbili, nikapiga lipu juu yake, nikapaka rangi mpaka mtu asiyejua asingeziona. Chini ya mlango nikabandika mpira. Dirisha lilikuwa jipya, la vioo viwili, halipitishi hata uzi. Nikasimama katikati ya chumba nikajisikia nimemaliza kazi ya kwanza isiyo na kasoro maishani mwangu.

Sasa elewa kitu kimoja, mwanangu. Tulinunua hita ya umeme, lakini majirani walituambia umeme wa kule hukatika kukiwa na dhoruba. Bibi akasema hana wasiwasi, umeme ukikatika ana seredani yake, lile jiko la makaa alilolizoea tangu Unguja. Na sisi tuliolelewa na watu wa Unguja tunaijua seredani ikiwa uani, juu yake mbingu, moshi na hewa yake vinakwenda zao. Hakuna aliyewahi kutuambia makaa yanafanya nini ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu kwetu hapakuwa na haja ya kufunga chumba.

Siku hiyohiyo niliyoziba tundu, baada ya Alasiri, nikataka kujaribu. Kibaridi cha kwanza kilikuwa kimeanza. Nilikuwa nimenunua kipimajoto. Bibi akawasha makaa nje mpaka yakawa mekundu, nikaiingiza seredani chumbani, nikafunga mlango, tukakaa yeye kitandani na mimi sakafuni na daftari langu. Joto likapanda. Kila likipanda naandika. Nilifurahi kama mtoto.

“Fungua dirisha, mume wangu,” Bibi akasema baadaye. “Kichwa kinanigonga.”

“Subiri kidogo, Bibi. Joto litatoka, bado nnapima.”

Hilo nililisema mimi, kwa mdomo wangu huu.

Baada ya muda akasema moyo unamchafuka. Nikamtazama, uso umelegea. Mimi mwenyewe kichwa kilikuwa kizito na miguu imelewa. Na unajua akili yangu ilikwenda wapi? Kwa Njoroge. Nilisema moyoni, sasa nimemkamata, kachanganya rangi na kitu kibovu, mvuke wake ndio huu. Nikainuka nikiyumba, nikatoka nje kutafuta mtandao wa simu nimpigie Njoroge, na mlango nikaufunga nyuma yangu ili joto lisipotee.

“Rangi gani hii umempakia bibi yangu?” nikamwambia, hata salamu sikumpa.

“Ni ile ulinunua wewe, arbab. Kuna nini?”

“Kichwa kinamuuma, anataka kutapika. Umechanganya na nini?”

“Nyanya amewasha makaa?”

“Amewasha. Inahusu nini?”

“Na zile tundu?”

“Tundu zina nini?” nikamwambia.

“Umeziba,” akasema. “Mtoe nje. Usinijibu, enda, mtoe saa hii.”

Nilimkuta Bibi amelala ubavu, macho nusu wazi, nikimwita haitiki. Nilimbeba. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani, na bado mlangoni nilianguka naye. Nikamburuta mpaka barazani. Nilimpepea kwa daftari langu la vipimo. Kwa muda ambao sijui nikupimie vipi, sikujua kama anavuta pumzi. Kisha akatapika, na matapishi yale, mwanangu, niliyaona kama zawadi. Jirani akatupeleka kituo cha afya, wakamtia hewa ya chupa mpaka asubuhi. Daktari alisema nusu saa zaidi ingetosha kumuua.

Kesho yake Bibi amekaa kitandani, shali mabegani, akaniuliza kwa sauti ya taratibu.

“Yule alikwambia usizibe?”

“Aliniambia.”

“Ukamuuliza kwa nini?”

“Sikumuuliza.”

“Miezi miwili unaipiga picha kazi ya mtoto wa watu kama ya mwizi. Unadhani sikukuona? Unapima rangi yake, unapangua kuni zake. Na neno moja la kumuuliza hukuwa nalo.” Akavuta shali. “Babu yako na wazee wake walizitoboa tundu zile. Nawe ukawaona wajinga.”

Nikatoa simu, nikazifuta zile picha za ukuta moja baada ya moja.

Njoroge alipanda siku ya mapumziko. Nilimwomba radhi. Akanieleza kwamba makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na tundu kama zile ndizo njia yake ya kutokea; kwao Kinangop, kwenye baridi kali, amezika binamu yake pamoja na mke wa binamu huyo, waliolala na jiko ndani. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. “Ungeniamini?” akasema. Halafu akanipa tindo na nyundo, akashika ngazi. “Kuziba ulijua mwenyewe. Kufungua pia utajua.”

Nilizitoboa mimi, vumbi likinijaa machoni, na Bibi yuko chini anatucheka sote wawili. Siku hizi nikikaa naye chumbani dirisha liko wazi kidogo, na makaa yanabaki nje.

Sitakudanganya kwamba nimepona. Bado nakagua milango mara tatu. Bado mtu akinifanyia wema najiuliza anataka nini. Lakini nimejiwekea sharti moja, nalo ndilo ninalokupa. Ukimshuku mtu, kabla hujamchunguza, muulize. Muulize mbele ya uso wake, kwa heshima, kisha usikilize jibu lote. Na kitu kikienda vibaya, anza kukagua ulichokifanya wewe, hasa kile unachojivunia, maana hicho ndicho usichokitazama mara mbili. Shaka yangu ilikuwa na macho makali, lakini yalitazama upande mmoja tu.

Mwenyezi Mungu akujaalie nyumba yenye joto na yenye hewa. Akukutanishe na watu wenye ujasiri wa kukukataza, na akupe moyo wa kuwauliza wanajua nini ambacho wewe hukijui. Na wazee wako uwaone wakiamka kila asubuhi. Amin.