Damu kwenye Shati la Fondo

Watu saba walikuwa kambini jioni Dancan alipopigwa risasi, na hakuna hata mmoja aliyemwona mpigaji.

Aliyemjua muuaji alikuwa mwanamke mmoja wa Tudor, Mombasa, ambaye siku ile hata hakwenda kambini. Alikuwa jikoni kwake, anakaanga samaki.

Huyo ndiye Nanjala, na kisa hiki ni chake. Ameniruhusu nikiseme chote, tena akanionya nisimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Basi sitampaka.

Nanjala ni mtu wa Bungoma, lakini Mombasa imemlea. Anafanya kazi kwenye ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini. Mdogo wake wa mwisho, Tony, alikuja kwake akiwa hajamaliza shule na hakurudi tena kwao. Nanjala alimsomesha, akamtafutia kazi. Hata gari aliloendea kambini lilikuwa la dada yake.

Walikwenda kama kikundi cha vijana wa kanisa, wikendi ya Pasaka. Kambi yenyewe iko huko juu bara ya Kilifi, vilimani. Mahema, kuni, mbuzi wa kuchoma, nyimbo.

Jua likielekea kuzama, Dancan akashika ndoo akateremka kisimani.

Mlio mmoja. Watu wakadhani tairi limepasuka.

Mlio wa pili. Hapo kila mtu akashika njia yake.

Dancan hakufa palepale. Alifia zahanati. Polisi wakaja, wakaokota maganda mawili ya risasi, wakaandika maneno ya kila mtu, wakaenda zao. Kisha kimya.

Kilichowachanganya watu ni hiki: hakuna kilichoibwa. Simu zilibaki kwenye mahema, pochi ya Dancan ilikuwa mfukoni mwake.

Kama si wizi, basi ni nini?

Siku ya maombolezo, Awino, mke wa Dancan, alimshika Nanjala mkono. "Dada, wewe unajua kusema na watu. Usiache wakamsahau baba watoto wangu."

Nanjala akafungua ukurasa mtandaoni, akauita Haki kwa Dancan.

Mwanzo ulikuwa wa picha na maombi. Watu wakaandika pole. Halafu wakaanza kuuliza maswali, na Nanjala, badala ya kunyamaza, akaanza kuyajibu.

Wee! Asikwambie mtu. Raha ya kusikilizwa ni tamu kushinda halua. Ofisini alikuwa mama wa kuambiwa lete hiki, peleka kile. Kule mtandaoni maelfu walimsubiri aseme neno.

Na maneno aliyapata kwa Tony, mezani, wakila.

"Nani alichagua kambi ile?"

"Fondo. Ni karibu na kwao."

"Na Dancan alipoanguka, Fondo alikuwa wapi?"

Tony akaangalia sahani. "Alikuwa karibu naye. Mimi nilikuwa mbali kidogo."

"Walikuwa wamekosana?"

"Walibishana asubuhi. Mambo ya hema, nani alale wapi."

Mtandaoni, ubishi wa hema ukawa ugomvi mkubwa. Kambi kuwa karibu na kwao Fondo kukawa njama. Mtu asiyejulikana akaandika kwamba ardhi ile ina mgogoro na wenyeji hawataki wageni. Nanjala akaliokota na hilo, akalibandika juu.

"Je, Fondo aliwaita watu wake? Mimi nauliza tu."

Mimi nauliza tu. Kila tuhuma aliifunga kwa maneno hayo, kama mtu anayerusha jiwe kisha anaficha mkono.

Hakulitaja kabila la mtu. Hakuhitaji. Waliokuja nyuma yake walilitaja, wakalitukana, na yeye hakufuta hata komenti moja.

Sasa huyo Fondo ni nani?

Ni fundi wa samani. Alikuwa akifanya kazi kwa mzee Kamaludin, Kibokoni, Mji wa Kale, kwenye karakana yenye harufu ya vanishi mpaka barabarani. Mtu wa maneno machache. Mke wake, Joy, akiuza mahamri na mbaazi nje ya chumba chao Majengo. Na Dancan ndiye aliyewasimamia harusi yao.

Kijana mmoja akamrekodi Fondo akitoka kazini, akaweka maandishi: Muuaji huyu hapa, anakula upepo. Wateja wakaanza kumpigia mzee simu.

"Mwanangu Fondo," mzee Kamaludin akamwambia, "mimi nakujua, wallahi. Lakini watu wanasema, na mimi naishi kwa watu. Kaa nyumbani kwanza, mambo yatulie."

Mambo hayakutulia. Mahamri ya Joy yakawa yanalala. Asubuhi moja akakuta mtu ametia mchanga kwenye sufuria ya mbaazi.

Kisha Mwembe Tayari. Fondo alikwenda sokoni kununua unga, mtu mmoja akamtambua, akapiga kelele, "Ndiye yule wa kambini!" Unajua kelele ya vile ikipigwa panapo watu wengi. Kabla wenye maduka hawajamwokoa, mkono wa kulia ulikuwa umevunjika pawili.

Nanjala akapata habari akiwa kazini. Unajua aliandika nini?

"Hatuungi mkono vurugu. Lakini asiye na hatia mbona hajitetei?"

Akaweka simu kando, akaendelea na chakula cha mchana.

Jumapili hiyo Joy alimfuata Tudor. Akabisha hodi kwa adabu, akakaribishwa, akakaa pembeni mwa kiti kama mtu asiyetaka kukichafua.

"Dada Nanjala, shikamoo."

"Marahaba."

"Nimekuja na swali moja. Wewe ulikuwepo kambini?"

"Sikuwepo."

"Basi mume wangu umemjulia wapi?"

Nanjala akajikaza. "Kama hana hatia, Joy, kwa nini yuko kimya? Mdomo anao."

"Amewaambia polisi yote. Watu wa nje hawaambii, kwa sababu amemwahidi mtu."

"Mtu gani?"

Wakati huo Tony alikuwa anatoka chumbani. Akamwona mgeni. Akarudi ndani, mlango ukafungwa taratibu.

Joy aliutazama ule mlango, kisha akamtazama Nanjala. Akangoja. Alipoona mwenyeji wake haoni kitu, akajifunga leso vizuri, akasimama.

"Mimi sina zaidi, dada. Asante kwa maji."

Hata glasi ilikuwa haijaoshwa, Nanjala keshaandika: "Mke wa Fondo amekiri kuna siri!"

Ukurasa ukawaka moto.

Na katika ule moto, mtu akamtumia picha. Fondo, usiku wa tukio, getini pa zahanati, shati limelowa damu. Nanjala akaona amepata. Akaizungushia damu duara jekundu, akaiweka hewani. "Damu hii ya nani? Imefikaje hapa?"

Kesho yake saa za kazi, simu ikalia. Sauti ya mwanamke, imetulia.

"Wewe ndiye mwenye ule ukurasa?"

"Ndimi."

"Mimi naitwa Emmah. Ni muuguzi. Usiku ule nilikuwa zamu zahanati. Nataka uiangalie tena picha uliyoweka."

"Nimeiangalia sana."

"Hujaiangalia. Damu iko wapi?"

Nanjala akaifungua. Damu ilikuwa mgongoni. Kuanzia mabegani mpaka kiunoni. Amesimama ubavu, na mbele shati lilikuwa la vumbi na jasho tu.

"Alikuja amembeba mgongoni," Emmah akasema. "Miguu mitupu, viatu vimempotea porini. Ni mwendo mrefu, dada, hata mtu asiye na mzigo anachoka. Mwenzake alikata roho tukimlaza kitandani. Ile risasi ilimpiga pajani. Kilichomuua ni damu kuvuja njiani. Gari lingemwahisha."

"Lakini gari walikuwa nalo," Nanjala akasema.

"Hilo ndilo alilokuwa akilirudia, kama mtu aliyerukwa na akili. Gari limetuacha. Gari limetuacha."

Simu ikakatwa. Nanjala akabaki ameishika sikioni.

Kwa maana kambini gari lilikuwa moja tu, na lilikuwa lake.

Akaukumbuka usiku ule: samaki kwenye kikaango, Tony anaingia, anatetemeka, anasema kumetokea majambazi. Yeye alimkumbatia, akamkalisha, akampakulia. Walikuwa bado mezani simu ilipokuja kusema Dancan amefariki, ndiyo kwanza amefikishwa zahanati.

Tony alishafika Mombasa, anakula. Na mtu aliyepigwa risasi alikuwa bado yuko njiani, mgongoni kwa mwenzake.

Miezi yote ile aliwauliza watu asiowajua maswali mia. Swali hilo moja, la nyumbani kwake, halikumpitia kichwani. Au lilimpitia, akaligeuzia uso? Anasema mpaka leo hana uhakika, na hapo ndipo panapomchoma zaidi.

Akaomba ruhusa kazini. Alimkuta Tony sebuleni, anapiga viatu rangi.

"Tony, uliwaacha?"

Hakuuliza akina nani. Brashi ikamponyoka.

"Nilisikia mlio nikaingia garini. Sikufikiri, dada. Miguu ilikwenda yenyewe. Fondo alikuwa anapunga mikono, ananiita jina. Nilimwona kwenye kioo." Akajifuta uso kwa mkono wenye rangi nyeusi. "Nilimwona vizuri kabisa."

"Na ukaniacha nimwandike vile?"

"Nilitaka kukwambia tangu siku ya kwanza. Kisha watu wakaanza kumwangalia Fondo. Nikaona hawaniangalii mimi."

"Mbona yeye hakukutaja?"

"Nilimwendea nikampigia magoti. Akaniambia, polisi nimewaeleza na siwezi kuwadanganya. Lakini watu utawaambia mwenyewe, siku utakapoweza. Mimi nitangoja."

Nanjala akakaa chini sakafuni. Hakulia. Anasema kilio kina heshima yake, na yeye alijiona hata hicho hakimstahili.

Fikiria mtihani wake. Kumsafisha Fondo ni kumtaja Tony, mtoto aliyemlea kwa mikono yake. Kumficha Tony ni kuuacha mkono wa Fondo uonekane umevunjwa kwa haki.

Akaandika. Akamtaja. Akajitaja. "Nilimzulia mtu. Ndugu yangu alikimbia na gari. Fondo ndiye aliyembeba Dancan."

Alidhani watu watanyamaza kwa aibu kama yeye.

Wapi! Haikupita saa, wakapata nyama mpya. Kumbe muuaji ni Tony! Dada alikuwa anamkinga! Mbona alikimbia kama hakujua kitu? Gari lilioshwa lini? Sisi tunauliza tu, madam.

"Hakuua, aliogopa!" Nanjala akaandika. Nani asikie? Ni yeye aliyewafundisha kwamba anayejitetea ana hatia na anayenyamaza ana hatia. Tony aliacha kazi. Siku hizi yuko Bungoma kwa mama yao, hatoki nje ya boma.

Kwa Awino alikwenda pia. Awino hakumfungulia lango, alisema naye akiwa ndani.

"Nilikuomba asisahauliwe. Sikukuomba unitafutie mtu wa kumchukia. Sasa nimewachukia wawili, na mume wangu hajarudi."

Mwisho akashika njia ya Majengo. Alichelewesha safari hiyo kuliko zote, na tangu Tudor mpaka pale ni karibu tu.

Joy alimwona, akaingia ndani bila neno. Fondo alikuwa kibarazani, mkono umefungwa plasta, anajaribu kukata kitunguu kwa mkono wa kushoto. Nanjala akapiga magoti pale pale, mbele ya majirani.

"Inuka, dada. Watoto wanaangalia."

"Nisamehe, Fondo."

Fondo akaweka kisu chini. "Samahani yako nimeisikia. Kuipokea bado. Daktari anasema vidole viwili huenda visikunjike tena. Nitashika randa kwa vidole gani?"



"Nikufanyie nini? Sema chochote."

Fondo akakiokota tena kisu. Nyuma ya pazia Joy alikuwa ameacha kugonganisha vyombo.

"Waambie hujui."

"Niwaambie nini?"

"Kwamba hujui nani alimuua Dancan. Mimi nilikuwa hatua chache kutoka kwake, na sijui. Alikuwa mwindaji? Walimfananisha na mtu? Sijui. Nilimbeba akiwa ananiuliza, Fondo, ni nani? Nami nikamwambia sijui, ndugu yangu, vumilia tu. Basi na wewe waambie hivyo. Usiongeze kitu."

Nanjala alirudi nyumbani, akafungua ule ukurasa. Mtu aliyeandika mamia ya mistari kuhusu nia na ushahidi alikaa na maneno machache yale tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi.

Mwishowe akaandika: "Sijui nani alimuua Dancan. Sikuwahi kujua."

Likawa andiko lililosomwa na watu wachache kuliko yote.

Mpaka leo hakuna aliyekamatwa. Huenda muuaji anasoma hapa pamoja nasi, huenda alishakufa. Usiniulize mimi.

Somo langu ni hili, na uniwie radhi kama linakuchoma. Unapoona habari ya damu ya mtu na kidole kinakuwasha uandike, jiulize ulikuwa wapi siku ile. Kama ulikuwa jikoni kwako, basi una neno moja tu la haki la kusema, nalo ni sijui. Ni neno dogo. Halikupi wafuasi.

Lakini halijawahi kumvunja mtu mkono.