Kikopo Kwenye Msumari wa Mwanamke Mwingine

Uvumilivu wangu uliishia penye msumari. Msumari wa kawaida tu, umepigwa kwenye nguzo ya malewa, kibanda cha chakula cha mjane mmoja anayeuza kahawa na mikate ya mafuta njiani kuelekea zahanati. Asubuhi ile nilikuwa nimembeba mtoto mgongoni, nampeleka kupimwa uzito. Wateja wa kila siku wa yule mjane wanaacha vikopo vyao pale, kila mtu na msumari wake, kusudi asinywee penye mdomo wa mwingine. Vilikuwa vimepangwa kama kofia za wazee kanisani. Cha nne kilikuwa changu.

Nilikitambua mbali. Ni kikopo cha bati, buluu kwa nje na cheupe ndani, kimebonyea upande mmoja kama shavu la mtu aliyeng'olewa jino. Mama yangu alinipa siku ya kuolewa, pamoja na sufuria mbili na mwiko, akasema mbele ya wakwe zangu kwamba hiki ni cha bwana, atanywea ndani ya nyumba ya mtoto wangu. Na mume wangu, ambaye ni mwalimu wa hesabu na hapendi mtu anayekosea hesabu, alikuwa ameniambia kwa mdomo wake kwamba kikopo kiko masomoni, shuleni kwake, ndani ya kabati ya walimu.

Kilikuwa bado kinadondosha maji. Kimetoka kuoshwa sasa hivi. Na kilikuwa cheupe. Hicho ndicho kilichonichoma kuliko yote: ndani yake kilikuwa cheupe kuliko nilivyowahi kukiosha mimi.

Nikauliza ni cha nani, kana kwamba sijui. Mjane alikuwa ameinama juu ya mbabula yake, lile jiko la makaa, anapuliza makala. Hakuinua kichwa, akaniita yaya, dada, kama mteja yeyote.

"Ya mwalimu, yaya. Usikamate, natoka tu kuisukula."

"Miye njo bibi yake," nikasema.

Hapo akasimama. Ni mwanamke wa umri wa dada yangu mkubwa, mtu wa Kabongo, mrefu, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri tangu saa kumi na mbili ya asubuhi, wakati mimi nilikuwa bado na blauzi yenye alama za maziwa. Akanisalimia kwa heshima, akamsalimia hata mtoto. Kisha akaweka mkono wake juu ya kikopo.

"Mama, mwenye aliniachia njo mwenye atakamata. Sipanake kikopo ya muntu mu mikono ya mungine. Hata ya bibi yake."

Wanaume watatu waliokuwa kwenye benchi wakaacha kutafuna. Mmoja, mzee aliyestaafu kazi ya reli, akasema polepole kwamba wangojee kwanza amalize kunywa, kisha wapigane. Wenzake wakacheka. Sikumbuki kufikiri. Nilichukua beseni alilooshea vikopo nikalimwaga lote juu ya mbabula. Makala yakalia, majivu yakaruka, mtoto akaanza kupiga kelele mgongoni mwangu. Moto ukafa kabisa, na kahawa ya watu ilikuwa juu yake.

Mjane hakunitukana. Alitazama moto, akanitazama, akasema sentensi moja ambayo nimeibeba mpaka leo.

"Weye njo ulimufukuza, na kikopo mu mukono. Alinielezea."

Nikaondoka bila kikopo. Zahanati sikufika.

Nitasema ukweli, kwa sababu aliyesema ukweli kwanza ni yule mjane. Mimba ilipokuwa na miezi miwili, harufu ya kahawa ilinigeuza tumbo. Nyama niliweza, samaki wa kukauka niliweza, lakini kahawa hapana. Asubuhi moja mume wangu alikuwa amekaa mezani, anakunywa zake, nami nikatapika mlangoni, nikamwambia atoke na kahawa yake, asiirudishe humu ndani. Akasimama, akatoka, kikopo mkononi, kahawa bado inatoa moshi. Nilimwona akikata barabara namna hiyo, kama mtu anayebeba mshumaa. Nilicheka hata. Basi, ndivyo kikopo cha mama yangu kilivyotoka nyumbani. Mimi ndiye niliyekitoa.

Lakini mimba inaisha. Mtoto sasa ana miezi minane, na mimi kahawa naipenda tena tangu wiki ya kwanza ya kuzaa. Nilianza kuichemsha tena. Mume wangu alionja, akaacha nusu ndani ya glasi, akasema atakunywa masomoni. Kila siku anatoka mapema, eti anaenda kuandika maswali ubaoni kabla ya watoto kuingia. Nami nilimsifu kwa dada zangu.

Saa ya mchana siku ile alirudi akiwa amekwisha kusikia. Katika mji wetu wa Kamina habari ya moto uliozimwa inatembea kuliko pikipiki. Hakupaza sauti. Alivua viatu, akamchukua mtoto, akakaa. Nikamwambia kila kitu nilichokuwa nacho mdomoni: kwamba anakula kwenye moto wa mwanamke mwingine, kwamba mwanamke huyo anaosha mdomo wake kila siku kwa vidole vyake, kwamba anavaa kitambaa cha kichwa kwa ajili ya nani saa hizo. Alimrusharusha mtoto magotini mpaka nikamaliza. Kisha akauliza kama anavyouliza wanafunzi wake, bila hasira, jambo ambalo linanikasirisha zaidi:

"Sasa nikunywe wapi, mama ya mutoto? Kwa mujane, hapana. Hapa, ulikatala. Sema weye."

Nikasema tu kwamba kuna nyumba ya kahawa ya kampuni, ile mpya karibu na gare, stesheni ya treni, aende huko kama watu wa maofisi.

Jumapili baada ya ibada akatupeleka sisi wote. Nyumba hiyo ina ndugu zake Lubumbashi na Kolwezi, zote rangi moja, viti vile vile, na picha ile ile ya mkono unaomwaga maziwa. Nilivaa kitenge changu cha Pasaka. Msichana mwenye aproni alitukaribisha kwa Kifaransa kizuri na tabasamu, na nililichunguza tabasamu hilo sana. Kisha wakaingia watu wengine nyuma yetu, akawapa lile lile, halikupungua wala kuongezeka. Moyo wangu ukatulia. Kule sikuona wivu hata kidogo. Lile tabasamu ni la kampuni, analiacha mlangoni pamoja na aproni akirudi kwao. Kikombe ni cha karatasi, kina kifuniko kama dawa ya mtoto, ukimaliza unakitupa. Hakuna msumari, hakuna wa kukuoshea. Nikafikiri: huku ndiko mume wa mtu anapaswa kunywea.

Umeme ukakatika kabla mashine haijamaliza kikombe cha pili. Tukangoja wawashe grupu, jenereta yao. Mume wangu akanipa kile kilichokuwa tayari, na mtoto akakipiga teke, kikamwagika juu ya Pasaka yangu. Grupu ilipoanza kunguruma na yeye akapata chake, alionja, akatazama dirishani.

Nikamwuliza iko namna gani.

"Iko muzuri," akasema. "Haina tu muntu ndani."

Ningempiga na kiti. Maana nilijua mtu anayekosekana ndani ya kahawa ile ni nani.

Basi nikaamua kumshinda mjane kwa kazi yake mwenyewe. Nilinunua kahawa mbichi sokoni, ile ya kijani, nikaikaanga kama mama yangu alivyokuwa akikaanga, katika sufuria nzito, moto mdogo, mkono usisimame. Hiyo ndiyo kazi yote: mkono usisimame. Unageuza, unageuza, mpaka punje zinaanza kupasuka kidogo kidogo na zinakuwa rangi ya mbao iliyopakwa mafuta. Ukiacha kidogo tu, zinaungua upande mmoja, na uchungu wake hautoki hata kwa sukari. Mwanamke mwenye mtoto wa miezi minane hana mkono usiosimama. Mara ya kwanza mtoto alitambaa akaenda kushika makala, nikaruka, nikarudi, zimeungua. Mara ya pili aliharisha. Mara ya tatu nilimfunga mgongoni, nikageuza mpaka mwisho huku akining'ata bega, nikatwanga katika kinu, nikaweka tangawizi. Harufu ikajaa nyumba na uwanja, hata jirani akauliza kuna mgeni gani.

Asubuhi nilimpa mume wangu katika glasi. Alikunywa yote. Alisema iko muzuri, na safari hii niliona anasema kweli. Akafuta mdomo. Akaangalia saa. Akatoka, dakika ile ile anayotokaga siku zote.

Nikabaki na glasi yangu. Mtoto alitaka ziwa, akapata. Alitaka kubadilishwa, akabadilishwa. Nilipofika kwenye kahawa ilikuwa baridi, na juu yake pametanda ngozi nyembamba. Nikainywa nimesimama. Ndipo nikajua kwamba tangu nizae sijawahi kunywa kitu kikiwa moto. Na yeye, saa ile ile, amekaa kwenye benchi kati ya mzee wa reli na walimu wenzake, mikono yote miwili kwenye kikopo cha mama yangu, wanacheka. Wivu wangu ulikuwa umegeuka, sikuwa tena na haja ya kujua mjane ana nini. Nilitaka lile benchi.

Kesho yake nilipeleka mfuko mdogo wa makala kwa mjane, badala ya yale niliyoua. Nilikwenda saa ambayo wanaume wamekwisha kwenda kazini. Niliweka mfuko chini nikasema ni wa moto ule. Aliupokea kwa mikono miwili. Kisha, bila kuniuliza, alinyoosha mikono akamtoa mtoto mgongoni mwangu, akanionyesha benchi kwa kidevu.

Akanimiminia kahawa katika glasi ya wageni. Niliinywa yote. Ilinichoma ulimi, na machozi yakatoka, na sitasema yalikuwa ya nini. Ilikuwa kahawa ya kawaida. Ninaandika hili bila upendeleo: yangu, ile ya mara ya tatu, ni bora.

Yeye alikuwa anacheza na mtoto, anamfungua mdomo kwa kidole.

"Kumbe njo hii meno," akasema. "Baba yake alitusimulia siku tatu nzima."

Jino lile nililiona mimi. Nililigusa mimi, kwenye ziwa langu, akinyonya, kwa maumivu. Nilimwambia mume wangu wakati anafunga viatu, naye akasema tu, "Ah bon? Kweli?" Sikujua kama alisikia. Kumbe alisikia, akaenda kulisimulia siku tatu kwa watu wa benchi, kwa mjane, kwa mzee wa reli. Furaha yote ya jino langu ilikwenda kunywewa kule.

Nikamwomba kikopo mara nyingine, safari hii kwa upole. Akatikisa kichwa. Alisema kama atanipa mimi leo, kesho kila bibi wa Kamina atakuja na beseni la maji, na wateja hawataacha tena kitu kwake. Alisema kama nataka kikopo, nimlete aliyekiacha. Alisema hivyo mtoto wangu akiwa amelala juu ya bega lake, na nilikosa hata nguvu ya kumchukia vizuri. Lakini nilijaribu.

Kanisani kwetu kuna kamati ya bamama inayosikiliza mambo ya nyumba kabla hayajafika kwa mchungaji. Nilikwenda siku ya Alhamisi. Mama kiongozi aliniambia mambo ya mdomo yanaota miguu, niandike, niweke jambo, niweke ombi, nitie sahihi. Nimemaliza masomo ya sekondari, barua najua kuandika. Ya kwanza niliandika dhidi ya mjane, nikaisoma, nikaona kwamba kosa lake ni kuosha vizuri. Nikaichana. Ya pili nilimtaja pia msichana wa kampuni, sijui kwa nini, nikaichana. Ya tatu ndiyo niliyoipeleka. Katibu aliipiga muhuri, na nakala yake nilimwekea mume wangu chini ya glasi, mezani. Hii hapa, kama ilivyo:

*Kwa Mama Kiongozi wa Kamati ya Bamama.*

*Jambo: Mashitaka juu ya bwana yangu, kuhusu kikopo kimoja na asubuhi zote.*

*Mama,*

*Mimi, mke wa ndoa ya kanisa, mama wa mtoto mmoja, namshitaki bwana yangu kwa mambo mawili.*

*La kwanza, alisema kikopo cha ndoa yetu kiko masomoni, na hakiko masomoni. Nakubali kwamba mimi ndiye niliyemtoa nyumbani pamoja nacho, wakati wa mimba, kwa sababu ya kutapika. Mimba imekwisha. Hakuuliza kama anaweza kurudi. Mimi nami sikumwambia rudi, kwa hiyo namwambia sasa, kwa maandishi.*

*La pili, anasimulia habari za mtoto wetu kwenye benchi la watu, na nyumbani anafunga viatu.*

*Mwanamke anayeuza kahawa simshitaki. Moto wake nimekwisha kuulipa.*

*Ninaomba kamati imwamuru aende yeye mwenyewe kukitoa kikopo kwenye msumari, kwa mkono wake, mbele ya watu wale wale. Kahawa nitakaanga mimi. Lakini wakati wa kukaanga mtoto awe mikononi mwake, na kila asubuhi ambebe mpaka mimi nimalize kunywa yangu, nimekaa, ikiwa moto. Jino la pili limeanza kutoka. Sijamwambia. Nitamwambia siku hiyo, mezani.*

*Ninangoja kuitwa.*

*Bibi yake.*