Sinema Bubu na Pindo la Uzi Mwekundu

Siku yangu ya kwanza kazini, mjini Kasulu, niliripoti nikiwa nimevaa tai. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya historia, na barua yangu ya ajira ilisema "Mfasiri wa Sinema". Nilidhani nitapewa meza. Nilipewa bunda la waya.

"Shika huu, msomi," aliniambia Mzee Rajabu, mtu wa Ujiji, aliyekuwa dereva wa gari la sinema, fundi wake na mwonyeshaji wake. "Shahada yako haina umeme."

Ninyi vijana mnaobeba sinema mfukoni hamtaielewa kazi ile kwa urahisi. Miaka ile ya sabini gari letu lilizunguka Kasulu na Kibondo likiwa na projekta, jenereta, shuka jeupe na makopo ya bati yenye filamu. Filamu ilikatika mara kwa mara. Tuliiunga kwa kukwangua ncha zake kwa wembe, kuzipaka gundi na kuzibana mpaka zishikane. Picha hazionekani kwenye mwanga, kwa hiyo tuliziba madirisha ya maghala ya ushirika kwa mablanketi, tukaonyesha saa tisa alasiri ili watu warudi kwao mapema. Mimi nilisimama kando ya shuka na kipaza sauti, nikaeleza kwa Kiswahili, na kwa Kiha changu cha kuombea maji, kile kinachotokea. Mara nyingi kilichotokea kilikuwa choo kinachimbwa.

Bosi wangu, Afisa Utamaduni, alinipa kanuni mbili. "Kwanza, lilete jambo karibu na watu. Ukiwaonyesha ng'ombe wa Ulaya, waeleze kama ng'ombe wao. Pili, mfasiri hasemi sijui. Ukisema sijui mara moja tu, kesho hata ukiwaambia wachemshe maji watakuuliza umejuaje."

Ndipo likaja kopo lisilo na lebo. Ndani mlikuwa na filamu ya enzi ambazo sinema zilikuwa bado bubu: watu wanafumbua midomo, sauti haitoki, kisha picha inakatika na yanakuja maandishi meupe kwenye weusi, ndiyo maneno yao. Kipande cha mwanzo kilikuwa kimepotea, hata jina lake hatukulijua. Ilihusu vita vya Wazungu vya zamani, na mwanamke mwenye macho makubwa aliyeficha barua ndani ya pindo la gauni lake, akapita nayo katikati ya askari.

"Hii inafundisha ulinzi," bosi alisema. "Tuko mpakani. Watu wajue jasusi yukoje."

"Ndugu, maandishi yake si ya Kiingereza."

"Kwani wewe hukusoma chuo kikuu?"

Ningeweza kusema wakati ule kwamba sijui Kifaransa. Lakini nilikuwa na tai.

Tuliipeleka wilaya ya Kibondo, kwenye kijiji kimoja kupita Murungu. Ghala lilijaa. Maandishi ya kwanza yalipotokea, nikaanza kutunga. Nikakumbuka kanuni ya kuleta jambo karibu, nikalileta karibu kupita kiasi. "Mwanamke huyu," nilisema, "amekuja kama mkimbizi. Anajifanya fundi wa nguo. Kumbe kila pindo analoshona lina barua ya kupelekwa kwa adui." Mwisho wake askari walimpiga risasi. Nikaeleza kwamba ndiyo malipo ya jasusi. Watu walitoka kimya kabisa, nami nikajipongeza kwamba nimewagusa.

Baada ya wiki moja tulipita tena pale kuonyesha filamu ya uji wa watoto. Jambo la kwanza nililoliona ni nguo za akina mama. Mapindo yote yalikuwa yamefumuliwa, nyuzi zinaburuta kwenye vumbi.

"Ni nini hiki?" nilimuuliza Mzee Kagoma, balozi wa nyumba kumi.

"Tunatafuta barua," alinijibu. "Nguo zote hizi zilishonwa na Mama Konsolata, yule aliyekuja kutoka Burundi. Hatujapata kitu. Lakini kesho nampeleka wilayani akajieleze."

"Na wasiporidhika?"

"Watamrudisha alikotoka."

Alikotoka walimuua mumewe. Hilo kila mtu kijijini alilijua, hata mimi.

"Mzee, mimi nilikuwa naeleza picha tu."

"Ulisema mkimbizi. Ulisema fundi. Hukusema labda." Alinitazama bila chuki, kama mtu anayemkumbusha mwenzake mahali alipoacha jembe. "Tena umesoma."

Nilirudi kwenye gari. "Mzee Rajabu, lile kopo lisilo na lebo bado tunalo?"

"Lipo. Unataka kumwua yule mama mara ya pili?"

Alasiri ile tukaisimika projekta, mablanketi yakapanda madirishani. Mama Konsolata alikuwa ameketishwa mlangoni karibu na balozi, mikono mapajani. Maandishi ya kwanza yalipokuja nilinyanyua kipaza sauti, na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe nikasema kweli.

"Hapa sijui yameandikwa nini."

Bibi mmoja mbele akacheka. "We mjukuu, juzi ulijua kwa nani?"

"Hata juzi sikujua, bibi. Lugha hii siijui. Habari ya mkimbizi na fundi niliitunga mwenyewe."

Jenereta lilinguruma nje. Kisha ikatoka sauti mlangoni, ya chini, ya utulivu.

"Yanasema: *Kaka yangu bado yu hai?*"

Watu wote waligeuka. Mzee Kagoma aliinuka. "Umejuaje?"

"Kwetu shule ni Kifaransa," alisema Mama Konsolata. "Mume wangu alikuwa mwalimu."

"Juzi ulikuwepo humu. Ulisikia mfasiri huyu akidanganya?"

"Ego, ndiyo. Tangu mwanzo."

"Na ukanyamaza."

"Ningesema najua lugha ya wageni, mzee, mngenipeleka siku ileile."

Niliona sasa nimeharibu zaidi. Mzee Kagoma aliyatazama maandishi mengine yakija na kupita bila kusomwa. "Jasusi angeendelea kunyamaza," alisema mwishowe, akaketi. "Rajabu, rudisha nyuma. Mama, tusomee."

Akasoma yote. Kumbe mwanamke wa sinema hakuwa adui. Kijiji chake kilikuwa kimetekwa, na barua ya kwenye pindo iliwaonya watu wake wakimbie. Alipopigwa risasi safari hii, yule bibi wa mbele alilia.

Kesho yake hakuna aliyepelekwa wilayani. Akina mama walikuja na nguo zao, wakapiga makofi ya taratibu ya salamu ya Kiha, wakaomba zishonwe upya. Alizishona zote, lakini kwa uzi mwekundu, kwa nje, mishono mirefu inayoonekana toka ng'ambo ya barabara. Hakuna aliyethubutu kuomba rangi nyingine.

Bosi aliniita. "Umetamka sijui? Mbele ya watu?"

"Ndiyo, Ndugu."

Nikahamishiwa Titye, kufundisha watu wazima kusoma. Huko nilisema sijui mara nyingi, na maji walichemsha hivyohivyo. Baadaye nilihama vituo vingi, nikapanda vyeo, nikastaafu kwa hiari nikiwa na miaka hamsini na mitano. Kwenye hafla ya kuniaga msemaji alinisifu kwamba nilitafsiri sinema za Kifaransa vijijini. Nilisimama kumsahihisha, wakapiga makofi, wakidhani ni unyenyekevu.

Lakini asubuhi ile ya miaka ya sabini, tulipokuwa tukiondoka kijijini, nilimpelekea Mama Konsolata suruali yangu ya kazini. Pindo lake lilikuwa zima. Alilitazama, akanitazama, akachukua wembe akalifumua mwenyewe, kisha akatia uzi mwekundu kwenye sindano. Niliivaa ofisini mpaka kiuno kiliponikataa. Bado ninayo.