Vilima Ambavyo Havikuwepo

Siku hizi, ikifika saa kumi alasiri, hakuna anayeita jina la mtu ndani ya chumba cha foni, ile redio ya kuitana, pale kijijini Kibua. Antena bado imesimama, ndege wadogo wanatua juu yake, na kiti cha Evode kimegeuziwa ukutani. Wanawake wanaotoka mashambani, waliozoea kusikia sauti yake ya pole ikitoka dirishani, husema jioni imepungua kitu, ingawa hakuna anayeweza kukitaja.

Evode alizaliwa Masisi, kwenye mashamba na malisho ya juu, ambako mtu akisimama mlangoni kwake huona moshi wa jiko la shangazi yake ng'ambo ya mabonde mawili. Alipoteremka Kibua, msituni, kumwoa Sidonie, muuguzi, alijiona kama mtu aliyeshushwa chini ya maji ya kijani. Vita vilikuwa vimeziba barabara, na shirika la afya lilipeleka chanjo kwa miguu. Evode ndiye aliyechora njia kwenye kompyuta. Ramani ilimpa kimo cha kila mahali, kisha ikapaka rangi: kijani pale redio ya mkononi itakaposikika, kijivu pale itakaponyamaza. Alikuwa akipitisha kidole juu ya vilima vile polepole, na saa zikimpita kama ukungu. Moyoni alikuwa kwao.

Zamu ya Sidonie ya kwenda ndani ya msitu ilipofika, alimchorea njia ya kijani tupu, tangu mlangoni hadi kijiji cha mwisho.

"Nitakusikia njia yote, Mama Igiraneza," alimwambia, kwa jina la binti yao.

Sidonie akacheka. "Weye mutu wa malisho! Kwetu huku unaona mugongo wa mwenzako tu, basi. Iyo rangi yako inajua nini?"

"Inajua milima."

"Haya. Tutaona."

Siku ya tatu, mchana, habari zikafika Kibua: watu wenye silaha wamekaa kwenye kivuko cha mto, na hawachagui wa kumdhuru. Sidonie na wenzake wangefika hapo kesho asubuhi. Evode akangoja saa kumi, saa yao ya kuitana. Akaita. Akaita tena. Mahali alipokuwa mkewe palikuwa kijani kwenye kioo cha kompyuta kama jani la mgomba, lakini redio ilirudisha mvumo tu, kama mvua inayonyesha nchi nyingine.

Papa Katembo, mfanyabiashara wa Butembo mwenye pikipiki za mizigo, akaingia kuuliza habari, akainama mbele ya kioo.

"Watalala wapi?"

"Hapa, juu ya kilima hiki."

"Kilima?" Katembo akamtazama kama anayemtazama mgonjwa. "Kaka, miye nimepita pale miaka kumi. Hakuna mulima. Chini iko sawa kama meza. Iko miti tu, ile mikubwa ya zamani."

Evode akaelewa. Jicho la setilaiti lililopima nchi kutoka angani lilikuwa limeishia kwenye vilele vya miti. Kwao Masisi nyasi na ardhi ni kitu kimoja. Huku alikuwa amehesabu msitu kuwa vilima, na kumtuma mkewe kulala chini ya miti, mahali redio isipofika.

Akaondoa kimo cha miti kwenye ramani yote, mita thelathini kila mahali, akaiamuru mashine ipake upya. Kijani kikakauka kama umande. Ilibaki njia moja ya kumfikia: kupeleka antena juu ya mwamba nyuma ya Kibua.

"Beba betri," Katembo alisema. "Pikipiki itatufikisha nusu. Ile nusu ingine ni magoti."

Walifika jua likiwa limebaki kiganja kimoja. Chini yao msitu ulilala ukipumua mvuke. Evode akaita.

"Niko hapa," redio ikasema, mbali, kama usingizini. "Tangu saa kumi nakuita. Ulilala?"

"Musivuke muto. Wako pale. Rudini leo leo."

"Ulisema utanisikia njia yote."

"Nilikudanganya, mama. Sikujua."

"Na chanjo?"

"Rudini nayo."

Sidonie na wenzake walirudi baada ya siku mbili, wote, miguu imevimba. Sidonie akatua sanduku la baridi mlangoni pa chumba cha foni, akamtazama mumewe aliyeketi mbele ya rangi zake.

"Simama," alisema. "Safari inayokuja, unatembea mbele yangu."

Evode akasimama. Tangu siku hiyo hajachora njia asiyoikanyaga. Wiki hii yuko msituni upande wa Bisie, kwa miguu, na sanduku la chanjo mgongoni.