Kasoro Kumi na Moja za Gari ya Kiamerika

Ile gari niliinunua Lubero, kwa mjane wa mfanyabiashara wa kahawa, ikiwa imelala chini ya magunia ya viazi. Ya Kiamerika, ya zamani, milango miwili, pua ndefu kuliko kitanda changu. Mota ya silinda nane. Nilizihesabu mara mbili, kwa sababu mama yule alisema ni sita, na mimi humwogopa muuzaji anayekosea kwa hasara yake mwenyewe.

Miaka minne niliitengeneza nyumbani Butembo, ndani ya depo ambayo mke wangu aliitaka kwa maharagwe yake. Mota ilifufuka. Upande wa kulia niliupaka rangi nyekundu ya kung'aa, rangi ikaisha, upande wa kushoto ukabaki kijivu cha mastiki ya kuzibia mashimo. Aliyepita kulia alinipa heshima. Aliyepita kushoto alinipa pole.

Siku moja mke wangu alichoka.

"Baba batoto, maharagwe yangu inafika Jumatatu. Kama hii motokari iko bado humu, naita batu ba mbabula."

Hao ni mafundi wanaokata mabati ya magari na kuyageuza majiko ya makaa. Hakuwa anatania. Mmoja alikuwa ameshakuja kupima boneti kwa kamba, akasema dola mia tatu kwa gari nzima, na kwamba boneti peke yake itatoa mbabula kumi na mbili. Nilipima nyuma yake. Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniuma.

Alhamisi akafika mnunuzi kutoka Bungulu, kule Beni: hadji mmoja mwenye malori matatu, kofia nyeupe, miwani ya jua. Alitaka gari ya kubebea maharusi.

"Jeep batu bameshachoka nayo," aliniambia. "Bibi-arusi anataka kintu yenye kutoa batu mu maduka."

Nikasema elfu nne na mia mbili. Akasema elfu mbili na nusu, halafu akaanza kuizunguka gari polepole.

Kwetu bei haishuki hivi hivi. Inashuka kwa kasoro: mnunuzi anataja moja, unakata kidogo, anataja nyingine, unakata tena. Lakini kasoro iliyotajwa na muuzaji mwenyewe imeshahesabiwa ndani ya bei, na hakuna anayeruhusiwa kuikata mara ya pili. Basi nilimtajia zangu zote kabla hajavua miwani. Kumi na moja. Akatafuta za kwake, akapata tisa, na zote zilikuwa zangu. Mbili alizozikosa nilimwonyesha kwa kidole.

Ya kumi na moja ndiyo ilimvutia. Tangi lilikuwa limeoza, mota ikawa inanywa kutoka kwa bidoni ya lita ishirini niliyoifunga nyuma, mpira wake ukitokea upande wa mbele wa bidoni. Pua ya gari ikiinuka mlimani, petroli inakimbilia nyuma, mpira unabaki mkavu, mota inazimika.

Hadji alitazama mlima. Kutoka kwetu hadi barabara kubwa ni hatua mia tatu za udongo mwekundu, na hata mbuzi hupumzika katikati. Akatabasamu.

"Donc, tufanye hivi, muzee. Ipande mpaka ku barabara bila kusukumwa, nalipa bei yako. Ikisukumwa, nalipa yangu."

"Usikubali!" mke wangu alipiga kelele. "Weye mwenyewe umesema kwa kinywa yako inazimika!"

"Bila kusukumwa, bila kuvutwa," nikamwuliza hadji. "Njo ile tu?"

"Njo ile tu."

"Rudilia, batu basikie."

Akarudia kwa sauti. Majirani walikuwa wameshajaa mlangoni, na motari watatu walikuwa wamezima pikipiki zao.

Niliwasha. Mota ilinguruma mpaka kuku wa jirani wakaruka ukuta. Nikatoka nje ya geti la parseli, nikageuza gari nzima, makalio yakielekea mlimani, nikaingiza vitesi vya kurudi nyuma.

Jumapili moja, watu wote wakiwa misa, nilikuwa nimejaribu. Mara mbili.

Ilipanda. Pua ikitazama chini, petroli yote ilijaa pale penye mpira, na silinda nane zikanywa kama wageni wa harusi. Shingo yangu ilikuwa imegeuka nyuma, na kila niliporudisha macho mbele nilimwona hadji kupitia kioo cha mbele, akipanda kwa miguu, kanzu ameikunja mkononi. Pale mbuzi hupumzika, magurudumu yaliteleza. Nikakanyaga. Yakashika, na kelele zilizofuata sijazisikia hata siku ya kipaimara.

"Ulipanda kinyumenyume!" hadji alisema huku akihema.

"Patron, ulisema nipande. Hukusema nianze na nini."

"Na bibi-arusi wangu nitamubeba hivi?"

"Beni hakuna milima. Unaiogopa nini?"

Alicheka mpaka akashika boneti ili asianguke. "Wallahi, hii muzee ni mwizi mwenye kusema kweli." Kisha akalipa bei yangu yote, pale pale kando ya barabara, na lori lake likaichukua.

Mke wangu alinipokonya zile noti, akazihesabu mwenyewe, kisha akazifunga ndani ya kitenge.

"Mais, uliendesha vizuri," alisema.

Nilishuka mlima kwa miguu, katikati ya njia, polepole sana, ili kila jirani apate muda wa kunisalimia vizuri.