Nilivyomrudisha Binti kwenye Fizikia

Jumamosi mvua ilinibana kwenye baraza ya duka la Msomali mmoja hapa mtaani Gurei, pamoja na mama mmoja na binti yake aliyevaa sare ya shule. Binti alikuwa anaingia mwaka wa tatu wa sekondari, na ilibidi achague sayansi au sanaa. Alitaka sanaa, maana fizikia ilikuwa imemchosha.

"Wewe nasema nataka kujenga daraja," mama alimwambia, kwa Kiswahili cha kuungaunga alichorudi nacho kutoka ukimbizini Uganda. "Sasa fizikia ukiacha, chuo gani itakuchukua?"

Binti aliinama, akawa anakwangua matope kwenye kiatu kwa kijiti. Nikamwonea huruma, nikajitia kwenye mambo yasiyonihusu.

"Usijali, mwanangu," nikamwambia. "Hata mimi niliikimbia fizikia, na maisha yamekwenda."

Mama akanitazama kuanzia viatu hadi kofia, bila haraka. "Na sasa wewe nafanya kazi gani, mzee?"

"Naandika gazetini," nikajibu, nikijaribu kusimama wima.

Alimgeukia binti yake tu, akanyanyua kidevu kidogo kuelekea upande wangu.

Binti naye akanitazama kwa muda. "Sawa, mama," akasema. "Nitachukua sayansi. Lakini unitafutie mwalimu wa kunisaidia."

"Nitatafuta."

Kwa miaka nimeandika hapa gazetini nikiwahimiza vijana wasome sayansi, na sijasikia hata mmoja aliyenifuata. Kumbe ilitosha wanione.