Theluji ya Noreen

Kwa Noreen Bexon hakuna anayeingia kwa mlango wa mbele. Unazunguka nyuma, unapita pipa la takataka, unasukuma mlango wa jikoni, na kabla ya salamu unaambiwa, "Angalia unapokalia, bata." Wenyeji wa Bulwell, mtaa wetu wa Nottingham, huitana bata, wanaume kwa wanawake, bila haya yoyote, na nimeishi hapa muda wa kutosha hadi nami naitika. Lile onyo si utani. Juu ya kiti huenda kuna daraja la mawe linalosubiri gundi ikauke, au kikosi cha sanamu za mazimwi waliogandishwa juu ya vizibo vya chupa, hakuna anayezidi kidole gumba kwa urefu.

Mimi ni jirani yake. Uzio wetu ni mmoja, na Alhamisi jioni meza yetu ni moja pia.

Mji huu wa Nottingham una watu wanaomimina sanamu ndogo za vita kama miji mingine inavyooka mikate. Noreen alikuwa mmoja wao. Ujana wake wote ulipita mbele ya mashine inayozungusha kalibu za mpira huku madini yaliyoyeyuka yakimiminwa katikati, na mpaka leo ana kovu linalong'aa kwenye kifundo cha mkono. "Nimewatoa maelfu kwa maelfu duniani," huniambia, "wote uchi, wa rangi ya kijivu, na sikumvisha hata mmoja." Alipostaafu akaanza kuwavisha.

Nimewahi kukaa Damasko na mafundi wanaopachika vipande vya ganda la chaza kwenye mbao, na Omdurman na wanawake wanaochora hina ya maharusi, na nikadhani subira nimeshaiona. Kisha nikamwona Noreen akitengeneza mwamba. Huchukua kipande cha lile povu gumu linalofungiwa televisheni, akaviringisha juu yake karatasi ya bati iliyokunjamana, na povu likapata makunyanzi ya jiwe la miaka mingi. Majani ya chai yaliyokwisha kunywewa huyaanika dirishani. Hayo ndiyo majani makavu ya msituni. Sponji ya kuoshea vyombo huisaga, akaipaka kijani, na mti ukachipua. Ukinywa chai kwake, jua kwamba umechangia msitu.

Alhamisi ni siku ya mchezo, katika chumba cha nyuma cha klabu ya wafanyakazi. Noreen ndiye msimulizi. Nchi ni yake, na wafalme wake, na mvua yake. Sisi wengine kila mmoja ana mhusika anayemwongoza, na dadu ndizo zinazoamua nani aangushe na nani aangushwe. Hadithi hiyo imedumu kuliko ndoa za baadhi yetu. Ina sheria mbili tu. Ya kwanza, sanamu isiyopakwa rangi haikai mezani, na kila mtu ampake wake mwenyewe. Priti Solanki, ambaye ni mfamasia na mwepesi wa ulimi kuliko sisi sote, alikuja na mchawi aliyeonekana kama mtu aliyetumbukia kwenye mchuzi. Noreen alimpokea kwa mikono miwili na kumweka kando ya mfalme. Sheria ya pili: sanamu iseme kweli. Mhusika wako akipoteza ngao, huwezi kuweka mezani sanamu yenye ngao.

Ni sheria hii ya pili iliyomfika Trevor Stendall. Trevor aliendesha basi la mjini hadi uzeeni, na mhusika wake ni jemadari Brannoc, ambaye katika kisa chetu alipanda farasi mweusi tangu mwanzo. Kiangazi kilichopita joka lilimla farasi. Kwa hiyo Brannoc alihitaji sanamu mpya, ya mtu atembeaye kwa miguu, na ilipaswa kuwa tayari kabla ya vita vya mwisho, ambavyo ndivyo vingefunga hadithi nzima. Lakini ndani ya mwaka huohuo mikono ya Trevor ilikuwa imeanza kutetemeka. Daktari alishalitaja tatizo hilo kwa jina, na jina halikuisaidia mikono.

"Malizeni bila mimi," alituambia, akivaa koti.

"Lete nikupakie, mzee," Priti akasema. "Nimeendelea siku hizi. Mchuzi nimeacha."

"Ukimpaka wewe atakuwa wako. Miaka yote hii nimekuwa naye mimi."

Alhamisi iliyofuata kiti chake kilikaa kitupu, na iliyofuata tena.  Noreen alipekua makopo yake ya zamani mpaka akapata sanamu aliyoitaka, akaigandisha juu ya chupa ya jemu iliyojaa mchanga, nzito kama tofali, kisha akaenda kumtoa Trevor nyumbani kwake.

Nilikuwepo jikoni walipoingia. Noreen alimkalisha, akambana viwiko vyote viwili kwenye ukingo wa meza.

"Noreen, mkono huu unamwaga chai mpaka kwenye soksi."

"Basi leo umwage panapofaa. Shika brashi. Chovya. Sasa ifute kwenye kitambaa."

"Si rangi yote itatoka?"

"Ndivyo ninavyotaka. Ifute mpaka uone haina kitu. Haya, mpapase mgongoni, huku na kule, kama unampangusa vumbi."

Trevor akampapasa. Mkono ulitetemeka, na kadiri ulivyotetemeka ndivyo ile rangi kidogo iliyobaki ilivyoshika kwenye ncha za manyoya tu na kuyaacha mabonde yake meusi. Vazi la ngozi ya mbwa mwitu likaanza kuonekana, unywele baada ya unywele. Baadaye Noreen akampa rangi nyepesi kama chai ya mkandaa, isiyo na maziwa. Ukiidondosha popote inajitafutia yenyewe njia kwenye mikunjo ya nguo.

"Na macho?" Trevor akauliza, bila kuinua kichwa. "Macho sitayaweza."

"Macho gani? Kofia ya chuma imemshuka mpaka puani. Unafikiri nilimchagua kwa ajili ya sura?"

Trevor akacheka, na brashi ikaruka, na Brannoc akapata doa jekundu kwenye buti. Damu ya zimwi, wakakubaliana.

Kazi ilichukua majuma. Ilipokwisha, Trevor aliizungusha ile chupa ya jemu polepole, akainama, akaizungusha tena. "Huyu ndiye yeye," akasema. Akamwachia Noreen sanamu ili aipulizie vanishi, maana rangi isiyo na vanishi hubanduka ikiguswa sana, na mikono ya Trevor huangusha vitu.

Sasa, kila mtu wa kazi hii anajua jambo moja: vanishi ya kopo haipulizwi siku ya unyevu. Noreen ndiye aliyetufundisha sote, kwa ukali. Lakini vita vilikuwa Alhamisi, mto Leen ulikuwa umevimba kwa mvua za Novemba, na ukungu haukuonyesha dalili ya kuondoka. Aliona rohoni Brannoc akiponyoka mkononi mwa Trevor na rangi ikipukutika. Akaingia kwenye kibanda cha bustani na kopo lake.

Nilimsikia akiniita kutoka upande wa pili wa uzio, kwa sauti ambayo sikuizoea. Nilipofika, Priti alikuwa ameshafika na mkate uliojazwa chipsi mkononi, na Noreen alikuwa amekaa juu ya ndoo. Brannoc alikuwa mweupe. Unyevu ulikuwa umenaswa ndani ya vanishi, na kutoka kofia hadi buti alikuwa kama mtu aliyemwagiwa unga.

"Inatoka?" Priti akauliza.

"Wakati mwingine, ukipaka mafuta ya zeituni. Wakati mwingine haitoki."

"Basi mpake upya leoleo. Wewe unamweza kabla ya chakula cha mchana. Hata yale mapapaso yake unaweza kuyaiga. Trevor hatajua."

Noreen aliitazama ile sanamu. Kuiga angeweza, hata mimi naliamini hilo. Sijaona jambo ambalo vidole vyake haviwezi. "Atakuwa mzuri," alisema. "Na atakuwa wangu." Akavaa koti, akamfunga Brannoc katika taulo ya vyombo, akaenda. Sisi tukamfuata nyuma kama watu wanaokwenda msibani.

Trevor alifungua taulo mezani kwake. Aliiinamia sanamu, akapitisha kidole kwenye ule weupe.

"Umempulizia kwenye ukungu," alisema.

"Ndiyo."

"Wewe. Uliyenifokea mbele ya klabu nzima kwa kosa hilihili."

"Ndiyo, Trevor. Nisamehe."

Bega la Trevor likaanza kutikisika, na kwanza nilidhani ni ule ugonjwa. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashika kiti. "Noreen Bexon! Kwenye ukungu! Priti, umesikia? Nitakufa kwa raha mimi."

Alitoa chupa ya mafuta ya zeituni kabatini, akashika brashi mwenyewe, na viwiko akavibana kwenye ukingo wa meza kama alivyofundishwa. Wekundu wa joho ukarudi. Buti zikarudi, na doa lake la damu. Lakini ncha za manyoya na ndevu zilibaki nyeupe, hata alipopaka mara ya pili.

"Ngoja nikujaribishie na—" Noreen akaanza.

"Acha. Usimguse tena." Sasa hakuwa anacheka. "Sina mkono wa kumpaka mwingine, unajua hilo. Huyu ndiye wa mwisho. Mimi nampenda hivyo alivyo. Ila sheria ni yako: sanamu iseme kweli. Huyu ana barafu kwenye ndevu. Vita vyako ni vya majira gani?"

Noreen akasita. "Kiangazi."

Sote tuliijua meza ile ya vita iliyosubiri nyumbani kwa Noreen. Alikuwa ameitengeneza mwaka mzima: msitu wa majani ya chai, ukingo wa mto wenye maua ambayo kila petali aliiweka kwa ncha ya sindano, na juu ya kilima bustani ya mipea yenye matunda madogo kuliko mbegu ya ufuta. Hakuwahi kutengeneza kitu kizuri zaidi, na hakukuwa na mtu wa klabu aliyekuwa ameiona ikiwa imekamilika isipokuwa sisi.

"Basi hawezi kuingia," Trevor akasema. "Mtu hatoki kwenye barafu akaingia kwenye maua."

Noreen alikuwa anatazama dirishani. "Una soda ya kupikia?" akauliza. "Ya kwangu haitatosha."

Nilimshikia chujio la chai jikoni kwake. Alipaka gundi iliyochanganywa na maji juu ya majani, juu ya mwamba, juu ya daraja, kisha akachekecha soda, na nchi yake yote ikaanza kuwa nyeupe. Mkono ulisimama mara moja tu, juu ya mipea. Aliitazama kwa muda, akagonga chujio kwa kidole, ikafunikwa.

Alhamisi Priti alikuwa wa kwanza kuingia. "Noreen! Maua yako!"

"Baridi imewahi mwaka huu. Kaa chini, unazuia mwanga."

Trevor alikuja akiwa amevaa tai. Alimtoa Brannoc kwenye taulo na kumweka ukingoni mwa meza, kisha akamsogeza kuelekea lango la ngome. Noreen alikuwa amechekecha tabaka la mwisho bila gundi. Mkono wa Trevor ukatetemeka, buti zikaburuta kwenye ile theluji, na nyuma ya jemadari ukabaki mchirizi uliopinda kushoto, ukapinda kulia, mpaka langoni. Trevor akanyoosha kidole aufute.

"Uache," Noreen akasema. "Katoka mbali, na kwa miguu. Ulitaka atembee vipi?"

Akamsukumia dadu, awe wa kwanza kutupa.